Ekzosi ya inchi tatu kwenye VX ya dizeli: nguvu imebaki, mvumo umeondoka

Wiki mbili baada ya kubadilisha ekzosi nilimpeleka mama kliniki Moshi. Kutoka Arusha ni kama kilomita 80, lami tupu. Tulipofika Boma Ng'ombe nikageuka kumtazama. Amejifunga khanga kichwani, kaikaza mpaka masikio yamefunikwa, macho kafumba. "Mwanangu, gari hili lina nini siku hizi? Kichwa kinavuma kama nimekaa ndani ya mashine ya kusaga." Nilikosa la kumjibu. Nilikuwa nimetoa shilingi 450,000 mfukoni mwangu kumnunulia mama maumivu ya kichwa.

Naandika uzoefu huu kwa sababu wenye VX, Prado na mkonga (Land Cruiser hardtop) wengi mnatafuta kile kile nilichokuwa nakitafuta mimi, nguvu bila kelele, na naona mkiuziwa kile kile nilichouziwa mara ya kwanza.

Gari langu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 80, injini 1HD-T, silinda sita, cc 4,164, turbo ya kiwandani, gia za mkono. Sikuanza na tamaa ya sauti. Nilianza na joto. Nilikuwa nimefunga geji ya joto la moshi, kihisio chake kikiwa kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, kabla ya turbo. Siku moja tunapanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, watu watano, hema juu, madumu ya maji nyuma, nikaona sindano imefika nyuzi 690. Nikashusha gia, nikapunguza mafuta, tukapanda polepole. Nyumbani nikalala chini ya gari: ekzosi ya zamani imeliwa na kutu, sailensa ukiigonga ndani vinacheza vipande vilivyokatika. Moshi ulikuwa unapita kwa shida.

Kwa injini yenye turbo jambo hili lina uzito. Turbo ni feni inayosukuma hewa kwenye silinda; inazungushwa na moshi, na inachotegemea ni tofauti ya msukumo kati ya mbele yake na nyuma yake. Bomba la nyuma likiwa finyu au limeziba, turbo inachelewa kuamka, silinda hazipati hewa ya kutosha, joto linapanda. Ukifungua njia, inaamka mapema na joto linashuka. Mwenye injini ya 1HZ, isiyo na turbo, asitegemee tofauti kubwa kama yangu. Kwake ekzosi nzima isiyovuja inatosha.

Gereji ya kwanza (siitaji jina) waliniambia dizeli ya turbo haihitaji sailensa, turbo yenyewe inakata sauti. Ni kweli turbo inapunguza makali ya mapigo ya moshi, ila haiyamalizi. Wakanifungia bomba tupu la inchi tatu kutoka kwenye turbo mpaka mbele ya tairi la nyuma, likaishia hapo chini ya bodi. Kona walikunja kwa mashine inayobinya, kwa hiyo bomba la inchi tatu lilipofika kwenye kona likawa bapa kama kopo lililokanyagwa. Kishikio kimoja wakakichomelea moja kwa moja kwenye chesisi, chuma kwa chuma.

Nguvu niliiona siku ile ile, siwezi kuikana. Mjini, chini ya kilomita 60 kwa saa, hata sauti ilikuwa tamu. Shida ilikuja barabara kuu. Mizunguko ya injini ikifika 1,900 hadi 2,300 kwa dakika unaanza mvumo mzito usiokatika, unausikia kifuani kabla ya masikio. Na hiyo ndiyo mizunguko ninayokaa nayo nikitembea 90 mpaka 100. Nikapima kwa programu ya simu: ekzosi ya zamani ilikuwa desibeli 68 kwenye kiti cha dereva, hii mpya 78. Programu hizo kwa kawaida zinapima kwa kufuata sikio, sauti nzito sana zinahesabiwa kidogo, kwa hiyo mateso yenyewe yalikuwa makubwa kuliko namba.

Fundi wa pili nilielekezwa na dereva wa magari ya watalii. Mzee wa makamo, banda lake dogo, mashine ya kuchomelea moja na jeki mbili. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya mama na khanga. Hakufungua hata boliti moja. Akaniambia, "Twende barabarani kwanza, kijana wangu." Tukaenda njia ya Namanga, akaniomba nishike 2,100 nisiongeze wala nisipunguze, akawa anahama kutoka kiti cha mbele kwenda cha nyuma. Kurudi bandani akapandisha gari, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chesisi, mpini akauweka sikioni, huku kijana wake akikanyaga mafuta. Akahama pointi moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye kile kishikio kilichochomelewa, akanipa bisibisi nisikilize mwenyewe. Chesisi yote ilikuwa inaimba.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata kishikio kile na kuweka vishikio vyenye raba, vinne, kisha akaongeza kipande cha fleksi (bomba linalonepa) baada ya bomba linalotoka kwenye turbo, ili mtikisiko wa injini usisafiri kwenda nyuma. Kwa hatua hiyo peke yake viti viliacha kutetema. Kama mvumo wako unausikia kwenye makalio na usukani, anza hapo kabla hujanunua chochote.

Halafu bomba. Inchi tatu tuliibakiza, lakini la unene wa milimita mbili, maana bati jembamba linalia kama kengele. Kona nikaagiza zilizokunjwa tayari bila kubonyea, kutoka Gerezani, Dar. Chini ya kabini akaweka sailensa ndogo ya kupitisha moja kwa moja, ya sentimita 45: ndani ni bomba lenye matundu, limezungukwa na sufi ya chuma na ya kioo. Kabla ya ekseli ya nyuma akaweka kubwa ya aina hiyo hiyo. Moshi haupindi popote, haukutani na ukuta, lakini sauti inayopita kwenye matundu inamezwa na ile sufi. Mwisho wa bomba ukapitishwa juu ya ekseli ukatokeza nje kabisa pembeni nyuma ya tairi. Bomba likiishia chini ya bodi, sakafu inakuwa ngoma, na moshi unaingia ndani kupitia mlango wa nyuma. Kwa anayebeba watoto nyuma, hilo la moshi ni la hatari kuliko kelele.

Baada ya hapo kelele ilikuwa imeshuka sana, lakini pale 2,100 mvumo ulibaki, mdogo, mkaidi. Hapa ndipo nilipomheshimu yule mzee. Injini ya silinda sita inapiga mara tatu kwa kila mzunguko. Mizunguko 2,100 kwa dakika ni 35 kwa sekunde, mara tatu ni mapigo 105 kwa sekunde, na kabini kubwa kama ya VX inaipenda sauti hiyo, inaikuza. Dawa yake ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho, linaloungwa kwenye bomba kuu kama tawi. Sauti inaingia humo, inagonga mwisho, inarudi ikiwa kinyume na ile inayokuja, zinauana. Urefu wake unapaswa kuwa robo ya urefu wa wimbi la sauti hiyo. Kwenye moshi wa moto sauti inakwenda haraka kuliko kwenye hewa ya kawaida, na hakuna ajuaye joto kamili la ndani ya tawi lile, kwa hiyo hesabu inakupa pa kuanzia tu. Tulianza na sentimita 120, kifuniko cha boliti mwishoni. Tukatoka barabarani: mvumo umekatika chini zaidi, kwenye 1,850, lakini 2,100 bado upo. Tukakata sentimita tano, tukatoka tena. Tukakata tena. Safari ya nne, tawi likiwa na sentimita 108, nikashika 2,100 nikamsikia kijana wa fundi anaongea kiti cha nyuma kwa sauti ya kawaida.

Mwenye Prado ya silinda nne asinakili urefu wangu. Injini yake inapiga mara mbili kwa mzunguko, mvumo wake ni mzito zaidi na tawi lake litakuwa refu kuliko langu.

Jumla ya awamu ya pili ilinigharimu shilingi 1,240,000, kona na sailensa zikiwemo. Nikaongeza raba mpya ya mlango wa nyuma na ile ya kuzunguka gia, iliyokuwa imepasuka. Raba ya gia iliyochanika ni tundu la kelele, watu hawaiangalii. Desibeli sasa 70. Mlima ule ule wa Mto wa Mbu, mzigo kama ule, nyuzi 610, na napanda kwa gia moja juu ya ile ya zamani. Mafuta sijaona tofauti ya kujivunia, anayekuahidi akiba kubwa anakudanganya. Moshi mweusi umepungua kidogo. Kama pampu yako inamwaga mafuta kupita kiasi, ekzosi haitakuponya.

Mama tumekwenda naye Moshi mara tatu tangu hapo. Mara ya mwisho alilala kutoka Usa River mpaka KIA.

Vipo visivyonifurahisha. Ekzosi sasa ni nzito, na sailensa ya nyuma imeshuka kiasi. Njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron imeshagonga mawe mara mbili, ikabidi tuikinge kwa bati nene. Sufi ya ndani itaungua na kuisha kadiri miaka inavyokwenda, sauti itapanda taratibu, na sailensa itabidi ifunguliwe ijazwe upya. Tawi lile linakusanya maji na masizi, kwa hiyo naligeuzia chini kidogo na kufungua boliti yake kila ninapomwaga oili. Na baada ya kilomita 500 za kwanza boliti za fleksi zilikuwa zimelegea, gasketi ikaanza kupuliza, nikadhani mvumo umerudi. Dakika kumi za spana namba 14, ukanyamaza.