Kifaa cha kununua unapohamia kompyuta mpya: mpangilio wangu kwa wanunuzi wa Mbeya

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa mara kwa mara hapa Mbeya ni kifaa gani kinafaa kuhamishia mafaili kutoka mashine ya zamani. Itangulie kufahamika kwamba hakuna kifaa kati ya hivi nitakavyovipanga hapa chini kinachohamisha programu. Programu ikisakinishwa hutawanya sehemu zake ndani ya Windows, hivyo ukinakili folda yake peke yake, mara nyingi haitafunguka. Orodhesha programu zako na namba za leseni katika daftari, kisha uzisakinishe upya.

Nafasi ya kwanza naipa eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka kwa waya, ya aina ya SSD (inayohifadhi kwenye chipu) ya TB 1. Siichagui kwa sababu ya kasi, kwa maana ikiwa kompyuta ya zamani ina diski ya kuzunguka, yenyewe husoma takribani MB 100 kwa sekunde, na GB 200 zitachukua zaidi ya nusu saa hata kifaa kipya kiwe na kasi namna gani. Naichagua kwa sababu haina kinachozunguka ndani yake, kwa hiyo anayesafiri nayo kwa basi hadi Iringa hana hofu kubwa ya mtikisiko, na kazi ya kuhamisha ikiisha inabaki kuwa nakala yake ya pili.

Ya pili ni eksteno ya kawaida, yenye diski ya kuzunguka, ambayo kwa bei ile ile hukupa nafasi kubwa zaidi, mradi usiisogeze wakati inafanya kazi. Zote mbili zichomeke kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa na ulimi wa buluu. Kwenye USB 2.0 zile GB 200 zitakula saa moja na nusu au zaidi.

Ya tatu ni kasha la kuwekea diski iliyotolewa kwenye mashine ya zamani, nalo hupanda hadi nafasi ya kwanza ikiwa mashine hiyo haiwaki tena. Nenda dukani Mwanjelwa na diski yenyewe mkononi, kwa kuwa kasha la diski ya SATA ya inchi 2.5 halipokei kile kibao chembamba cha M.2, na vibao hivyo navyo vina aina mbili zisizoingiliana katika kila kasha. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba mafaili yote ya diski, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hata fundi hodari hawezi kukusaidia.

Flashi naiweka ya nne, na nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kununua moja iliyoandikwa GB 512; picha za harusi ya mdogo wangu zilionekana zote kwa majina, lakini karibu nusu yake hazikufunguka, kwa kuwa ujazo ule ulikuwa wa uongo. Ijaze yote kwanza kwa mafaili usiyoyajali, uyafungue, ndipo uiamini. Ikiwa imeandaliwa (format) kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, itakataa faili lolote linalofikia GB 4. Ibadilishe iwe exFAT, mfumo mpya zaidi usio na kikomo hicho, ikiwa bado tupu.

Ya mwisho ni hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa GB 15 bure, zinazotosha vyeti na barua za kazi, lakini kupandisha video za miaka kumi kwa bando la simu ni gharama nisiyomshauri mtu yeyote kuibeba.