Kisiwani nyota tano, ila pweza wa Masoko sijui nimpe nini

Naanza na pweza, maana ndiye aliyenipandisha hasira, na haijashuka. Kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye kisiwa cha magofu, sitamkataza mtu. Lakini ukirudi Kilwa Masoko, mji wa bara ng'ambo yake, una njaa, jua limekuunguza mchana kutwa, halafu unawekewa sahani ya kitu kinachorudisha meno nyuma kama mpira wa ndala, juu yake tui lililokatika, basi hata msikiti uliotoka kuuona unauona umepungua.

Mgahawa siutaji. Oda ilitolewa asubuhi kabla ya kuvuka na nusu ya pesa ikaachwa, kama inavyotakiwa. Pweza si chipsi. Anapigwa kwanza, kwenye jiwe au kwa mchi, anasuguliwa kwa chumvi ya mawe utelezi utoke, anaoshwa mpaka maji yatoke safi. Anaingia sufuriani na kikombe kimoja cha maji, hata bila maji, kwa sababu mwenyewe anatoa mengi. Mfuniko, moto mdogo, dakika 45 hadi 60 kwa wa kilo moja. Mkubwa zaidi anaongezewa. Chumvi ya mapishi inangoja aive. Kipimo chake ni uma: choma pale mkono unapoungana na kichwa, penye unene kuliko kote. Ukizama bila kusukumwa, epua, mwache apoe ndani ya maji yake, ndipo umkate. Na ununue wa kutosha, maana ananywea: kilo mbichi ikibaki nusu kilo, shukuru.

Yule wa mezani hakupata hata nusu ya huo muda. Ngozi ilikuwa imeng'ang'ania nyama, kisu kinakwenda na kurudi kama msumeno. Tui nalo lilikuwa mabonge meupe yanayoelea kwenye mafuta. Hilo linatokea tui zito likitiwa mapema likachemka kwa nguvu, au ndimu ikikamuliwa sufuria ikiwa bado motoni. Tui jepesi ndilo linalotangulia, lipikwe na kitunguu na nyanya. Tui la kwanza ni la mwisho, unakoroga bila kuacha mpaka lianze kutokota, unaepua. Ndimu mwachie mlaji. Pwani hii ya Lindi na Mtwara, ambako binti anajua kukuna nazi kabla hajaenda shule, kosa hili halina utetezi.

Mhudumu aliombwa kwa upole amrudishe pweza jikoni kwa nusu saa zaidi. Jibu: "Kwani meno huna, kaka?" Akageuka akaenda zake.

Nijaribu kuwatendea haki. Ilikuwa bamvua, na wakati wa bamvua maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Pweza anavuliwa hapo maji yanapokupwa, watu wakitembea kwa miguu juu ya mwamba na kuchokoa mashimo. Kwa hiyo wa siku hiyo anafika Masoko kama saa sita. Huenda jikoni walimpokea amechelewa, nikasema moyoni tuwasamehe. Lakini hebu hesabu: saa sita mpaka saa kumi ni muda wa kumpika pweza mara tatu. Walimtia sufuriani walipoona boti inarudi. Hakuna maelezo mengine, na msamaha wangu naurudisha mfukoni.

Maji hayo hayo ndiyo yanayopanga matembezi, na hapa mwongozaji naye alikosea, ingawa kwa adabu. Kibali unachukua Masoko kabla ya kupanda boti. Wengi wanaanzia Gereza, ile ngome, kwa kuwa ndilo linalokupokea ufukweni, kisha Msikiti Mkuu, kasri la Makutani, na Husuni Kubwa, jumba la sultani, inabaki mwisho, miguu imechoka. Ukivuka maji yakiwa bado chini, geuza: anza na Husuni Kubwa, upite ufukweni. Maji yakishajaa njia hiyo inafungwa, unalazimika kupita ya ndani, ambayo ni ndefu kidogo. Bwawa la pembe nane la jumba lile linahitaji utulivu, huwezi kulitazama huku unaitwa kwamba boti inaondoka. Vaa viatu vya plastiki vyenye kamba, maana ndala zinavuliwa na tope. Beba maji ya kunywa yako, lita 2 kwa kila mtu.

Msikiti Mkuu upangie mwishoni, jua likiwa limelala. Ingia sehemu ya kusini, iliyoongezwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipopita mwaka 1331. Simama chini ya kuba uangalie juu. Yote ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Watu waliojua kungoja tanuri. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, halafu ng'ambo tu, mwendo mfupi wa boti, mtu anashindwa kungoja sufuria saa moja!

Nyota: Kisiwani tano. Mgahawa moja.

Ila kuna supu. Ililetwa kwenye kikombe kabla ya sahani, na sikutaka kuitaja. Maji ya pweza mwenyewe, rangi ya zambarau iliyokolea, pilipili manga, kitunguu saumu, ndimu pembeni. Haikuwa na kasoro. Basi wapeni mbili. Hapana, subirini: supu ile ina maana pweza aliingia jikoni hajalala, mzuri, wa asubuhi ile ile, na mikono inayojua kuunga ipo jikoni mle. Walikuwa naye hivyo, wakamharibu kwa haraka. Narudi kwenye moja. Ukienda, agiza supu vikombe viwili na chapati, na pweza wa nazi kamnunue kwa mama lishe yeyote ambaye sufuria yake umeikuta motoni, umeshika uma mkononi.