Dawa za hamu ya tendo kwa wanawake: kidonge, sindano na krimu

Jina "Viagra ya kike" linapotosha. Viagra husukuma damu kwenye viungo, hamu haiigusi. Dawa zenye ushahidi hupitia kwenye ubongo au homoni, na hakuna ya miujiza.

Addyi (flibanserini) ilikusudiwa iwe dawa ya sonona, ikashindwa. Mwaka 2015 Marekani iliiidhinisha kwa wanawake ambao hedhi haijakoma. Humezwa kidonge kimoja cha miligramu 100 kila siku wakati wa kulala, kuwe na tendo au kusiwe. Ukikimeza asubuhi, utashinda na usingizi na kizunguzungu. Ukisahau usiku mmoja, usifidie kwa viwili. Ukinywa glasi moja au mbili za pombe, subiri saa mbili ndipo umeze. Zikifika tatu, ruka dozi ya usiku huo. Juisi ya balungi, flukonazoli ya fangasi na antibiotiki ya klarithromaisini hulizuia ini kuivunja dawa hii, presha ikashuka hadi mtu akazirai. Mwenye ugonjwa wa ini asiiguse kabisa. Na faida? Kwenye majaribio, nyongeza ya takriban nusu hadi tendo moja la kuridhisha kwa mwezi. Ni kidogo kwa masharti yote hayo. Wiki nane zikiisha bila mabadiliko, acha.

Vyleesi (bremelanotidi), iliyoidhinishwa 2019, inamfaa asiyetaka dawa ya kila siku. Ni kalamu ya sindano ya miligramu 1.75, unajichoma chini ya ngozi ya tumbo au paja angalau dakika 45 kabla ya tendo. Isizidi moja kwa saa 24, wala nane kwa mwezi. Kichefuchefu huwapata takriban wanne kati ya kumi, hasa sindano ya kwanza (kinyume kabisa cha kilichokusudiwa). Presha hupanda kwa muda, kwa hiyo mwenye presha isiyodhibitiwa au ugonjwa wa moyo hairuhusiwi kwake. Inaweza pia kuleta weusi usoni, kwenye ufizi na matiti, zaidi kwa wenye ngozi nyeusi, na si lazima ufutike ukiacha.

Kwa aliyekoma hedhi, krimu ya testosteroni (homoni ya kiume, ambayo wanawake nao wanayo kidogo) ndiyo tunayoipa alama ya juu. Ile ya asilimia 1 hupakwa nusu mililita kwa siku, yaani miligramu 5, kwenye paja au tako. Shida huanza anapopewa jeli ya wanaume, ambayo dozi yake ni mara kumi hivi, akaikadiria kwa kidole: chunusi, ndevu, na sauti nzito isiyorudi. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nawa mikono, funika ulipopaka ili mtoto asigusane napo. Damu ipimwe kabla ya kuanza, tena baada ya wiki tatu hadi sita. Miezi sita bila nafuu, basi.

Kabla ya kununua chochote, angalia kama tatizo ni maumivu. Ukavu wa uke baada ya kukoma hedhi hutibiwa kwa estrojeni (homoni ya kike) ya ukeni: mikrogramu 10 kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Dawa za sonona kama fluoksetini nazo huua hamu; daktari anaweza kubadilisha, usiziache ghafla mwenyewe.

Matone ya "Spanish fly", yanayouzwa kama dawa ya kuamsha hamu, yasikaribishwe nyumbani. Sumu yake ya asili, kantharidini, huunguza njia ya mkojo na kuharibu figo. Ule muwasho ndio unaouzwa kama ashiki.