Nimenyamazishwa vigelegele kwenye dabke, ngoma ya Wapalestina!

Ngoja niseme yangu nipumue. Wiki kadhaa zimepita na kila nikisimama jikoni inanirudia.

Walikuja mjini kwetu, huku kaskazini ya Uingereza, vijana wa Kipalestina kutoka kambi ya wakimbizi ya Aida, pale Bethlehem. Ngoma na mchezo wa kuigiza, usiku mmoja tu. Mkubwa wao sidhani kama ametimiza miaka 18. Nikachukua tiketi mbili, yangu na ya binti yangu. Bei sina neno nayo. Ukumbi ndio nina neno nao.

Walianza na mchezo. Msichana mdogo kajitanda mtandio, kaupinda mgongo, ndiye bibi. Anafungua sanduku, anatoa ufunguo wa nyumba waliyofukuzwa 1948, anakaa chini anausugua kwa sabuni. Mara yale maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakipita ukutani yakakwama. Sentensi moja imeganda pale juu karibu robo saa, watu wanageukiana. Mie mtoto wa Mombasa, Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani, cha kusoma si cha kuzungumza, lakini nilikuwa nadaka: sanduku ni lile lile sanduku, sabuni ni sabuni, duka ni duka. Mjukuu anamwuliza, sasa mlango wenyewe uko wapi? Bibi hajibu, anasugua tu. Hapo sikuhitaji maandishi. Kwa hiyo hitilafu ile nimeisamehe, mitambo ni mitambo.

Nisilolisamehe ni la baadaye.

Ikaja dabke. Wameshikana mikono safu moja, wasichana kwa kanzu nyeusi zilizotariziwa uzi mwekundu kifuani, na mbele yao kijana mwembamba anazungusha tasbihi hewani, yeye ndiye anayewavuta. Visigino vikishuka mbao zinalia, kiti changu kinatikisika. Nikajiona niko Mji wa Kale kwetu Mombasa, zefe ya bwana harusi inakunja kona. Na wao wanayo, wanaiita zaffa. Sikupanga, wallahi. Kigelegele kilinitoka.

Msichana wa tatu kwenye safu akanijibu! Huku anacheza, akatoa cha kwake, na yule wa tasbihi akageuza shingo akacheka. Basi, nikaongeza cha pili.

Nikashtukia mwanga wa kurunzi usoni. Mhudumu wa mlangoni, kijana mrefu, kainama begani kwangu: tafadhali mama, unawaharibia wenzako, na wasanii wanahitaji utulivu. Utulivu! Kwenye dabke! Binti yangu akajiinamia kwenye simu kama hanijui. Nikakaa kimya. Miaka yangu yote hii, nikakaa kimya kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, na nusu ya ile ngoma iliyobaki nimeitazama bila kuiona.

Hiyo dabke mwaka 2023 UNESCO wameiandika kwenye orodha ya urithi. Mnadhani waliandika miguu peke yake? Ni ngoma ya harusi, na harusi ina mama zake. Watoto hawa kwao kuna ukuta wa zege wa mita 8 umesimama ubavuni mwa nyumba zao. Kusafiri tu, hawaendi uwanja wa ndege wa karibu, wanavuka daraja kuingia Jordan ndipo wapandie ndege Amman. Wafike huku wamechoka, wakute watu wamefunga mikono vifuani kama wanasimamia mtihani, na mmoja tu aliyewaitikia anamulikwa kama mwizi.

Haya, niwe mkweli kidogo. Kile cha pili kilikuwa kirefu. Mbele yangu alikaa mzee mwenye kifaa cha kusikia, nikamwona anakishika sikioni. Huyo nilimwomba radhi wakati wa kutoka, naye akanipa mkono, tukaongea vizuri tu. Na kijana wa watu pengine alitumwa, ajira ni ajira. Nilitaka kuwapa ukumbi nyota tatu nimalize.

Lakini mbona wale wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakipiga miluzi safu za nyuma hakuwaendea? Walipiga tangu mwanzo mpaka mwisho! Miluzi ni shangwe, vigelegele ni fujo? Nyota moja. Na hiyo moja ni ya fundi aliyefufua yale maandishi.

Watoto wenyewe nyota zote zilizopo, ijapokuwa mchezo ulikatika ghafla mwishoni, nahisi walibanwa na saa ya kufunga ukumbi.

Tulipotoka nilimkuta yule msichana wa tatu karibu na meza ya kuuza vikombe, bado amevaa kanzu yake, kashika viatu mkononi. Nikamwambia, ni mimi niliyepiga. Akasema, kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu nilipofika huku, kwamba nyanya yake hupiga kirefu zaidi. Akaweka kiganja juu ya mdomo akanionyesha, pale pale. Ukumbi mzima wa kuingilia ukageuka. Mhudumu wangu alikuwa hatua tatu kutoka hapo, kurunzi mkononi, akaanza kuzipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Nilishaapa sikanyagi tena pale. Sasa sijui. Wakija tena watoto wale nitakwenda, na kina mama wa chama chetu nimeshawaambia, tutachukua safu nzima, upande wa kushoto maana kulia kuna nguzo. Tukiwa kumi sijui atammulika nani.