Kipimajoto cha elfu nane, baada ya siku mia moja za kukaa ndani

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mwaka wa ishirini na sita huu napima watu. Futi ikivutika nusu inchi kola inakaba, na mteja hasemi futi mbovu, anasema fundi mbovu. Kwa hiyo kipimo kisichosema neno moja mara mbili sina hamu nacho.

Nilipandikizwa seli shina, zile seli mama zinazozaa chembe za damu, huko Chennai, India, kwa ajili ya mailoma, ile saratani inayokaa ndani ya uloto wa mifupa. Seli zilikuwa zangu mwenyewe. Walizivuna kwenye damu, wakanipa melfalani, dawa kali ya kuua saratani ambayo unapopewa unamung'unya barafu ili mdomo usichubuke sana, kesho yake wakanirudishia seli zangu kwa mpira kama mtu anayeongezewa damu. Shughuli yenyewe haikumaliza saa moja. Kazi ni kurudi nyumbani. Unarudi na kinga ya mtoto mchanga, hata chanjo za utotoni utaanza kuchomwa upya baadaye. Kachumbari marufuku, maziwa ya kupima marufuku, kufagia banda la kuku usiguse. Na kwenye karatasi niliyopewa palikuwa na mstari mmoja uliopigiwa wino mwekundu: joto likifika 38, usingoje asubuhi.

Nikaenda duka la dawa. Kijana akanionyesha kile cha bunduki, kile cha enzi za korona cha kumulika usoni, shilingi 55,000. "Mama, hiki hakigusi mtu, na wewe si umesema kinga iko chini?" Nikaona ana hoja. Kufika nyumbani, nimekaa chini ya feni, kikasema 35.2. Nikatoka barazani, 36.9. Nikarudi ndani, 35.4. Mtu yuleyule, hata chai haijapoa. Ukitokwa na jasho kinashuka, ukitoka juani kinapanda. Mlangoni pa ukumbi wa harusi kitafaa. Kwangu mimi, ambaye nusu nyuzi ndiyo inaamua kama nalala au nakimbizwa, hapana. Wajukuu wanampimia paka.

Nikamtuma binti yangu akaninunulie kile cha kijiti, 8,000. Cheupe, ncha ya bati, kidirisha cha namba, betri ya duara kama ya saa ya mkononi. Siku ya kwanza nilikijaribu kama ninavyojaribu futi mpya: nikajipima, nikangoja dakika kumi, nikajipima tena, nikarudia. 36.5, 36.5, 36.6. Nikasema haya, huyu tutafanya naye kazi.

Ila kuna mambo karatasi yake haisemi vizuri. Ukiweka mdomoni baada ya uji wa moto kitakupa namba ya uongo, ngoja nusu saa. Mimi mdomo ulikuwa na vidonda kwa hiyo natumia kwapa, na kwapa husoma chini kidogo kuliko mdomo, karibu nusu nyuzi. Chagua mahali pamoja ubaki hapo hapo, na ukimpigia daktari mwambie umepima wapi. Wanasema kinalia baada ya dakika moja. Kwapani mimi nakiacha dakika nzima zaidi hata kikishalia, na mara nyingine namba hupanda kidogo. Na panadol usimeze kabla ya kupima, inashusha homa wakati ugonjwa uko palepale. Wifi yangu, Mungu ambariki, alishanifungulia mbili mkononi kwa ajili ya kichwa. Nikamwambia wifi, kwanza kipimo. Alinuna mpaka jioni.

Siku ya 61 tangu nirudishiwe seli ndiyo nilikijua. Sikutetemeka, sikukohoa. Nilikuwa mvivu tu, na uji nimeusukuma pembeni. Magharibi 37.4. Saa nne usiku 37.8. Saa sita kasoro umeme umekatika, mume wangu ananimulikia kwa simu: 38.2. "Mama watoto, hebu rudia." Nikarudia. 38.2. Hakusema tena, akaenda kutafuta funguo za gari. Hospitali nesi akapima kwa cha kwao, 38.3. Nilikuwa hoi lakini nilimtazama mume wangu nikacheka. Wakachukua damu ya kuotesha, waone kama ina vijidudu, wakaning'iniza dripu ya dawa bila kungoja majibu. Nililala wodini siku nne.

Kasoro zake. Namba ni ndogo na hakina taa, na homa inapenda usiku. Mlio wake ni wa mbu, mume wangu hausikii kabisa. Kasha lilipasuka wiki ya pili, sasa kinakaa kwenye kopo la vifungo. Kifute kwa spiriti kabla na baada, na kisiwe cha nyumba nzima. Nunua viwili, maana betri haiagi. Cha kwangu kilizima siku ya Idi, maduka yamefungwa.

Joto naliandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, kwa sababu cherehani bado limefunikwa shuka. Daktari hataki nivute vumbi la vitambaa. Penye kifua nimeandika asubuhi, penye kiuno mchana, penye nyonga usiku. Ukurasa wa juu yake ni gauni la bibi harusi wa Machi ambaye ilibidi ashonewe kwingine.

Nyota nne. Ya tano wakiweka taa.