Grappa au šljivovica?
Zote mbili ni pombe kali za kukenekwa, ila chanzo ni tofauti kabisa. Grappa ya Italia hutokana na makapi: maganda na mbegu za zabibu zilizokwisha kutoa divai. Makapi yakikaa huharibika haraka, hivyo hukimbizwa mtamboni yangali na unyevu. Ya zabibu za Moscato ndiyo naipenda zaidi. Hunukia maua hata kabla glasi haijafika mdomoni. Šljivovica ya Serbia hutumia tunda lenyewe, plamu zilizoiva hadi kulainika. Ikikaa kwenye pipa la mwaloni hugeuka rangi ya dhahabu. UNESCO iliutambua utamaduni wake mwaka 2022. Baada ya mlo mzito, nipe grappa. Kwenye slava, sikukuu ya mtakatifu wa familia, Waserbia humimina šljivovica.