Kuonja bia za kraft na saida katika baa za Nairobi: kinachostahili kulipiwa na kisichostahili

Tiketi ya jioni ya kuonja bia katika baa za Westlands, Kilimani au Karen huuzwa kwa bei inayokaribia ile ya chupa nne au tano za bia ya kawaida katika baa hiyo hiyo, na kwa bei hiyo mteja hupewa glasi ndogo sita, kila moja ikiwa na takriban mililita 125. Ukizijumlisha unapata mililita 750, yaani chupa moja na nusu za nusu lita. Anayehesabu kwa ujazo ataona amepunjwa, wala hatakuwa amekosea. Kinachouzwa hapo si ujazo bali ni mpangilio wa glasi, hali ya kinywaji kinapofika mezani, na maelezo ya anayekimimina. Nimehudhuria jioni hizi katika baa kadhaa za jiji, na kwa vigezo hivyo vitatu ninazo sababu za kuzisifu upande wa bia, lakini upande wa saida, yaani kileo cha juisi ya tufaha iliyochachishwa, sababu hizo ni chache mno.

Bia za kraft, yaani zile zinazopikwa kwa kiasi kidogo na viwanda vidogo, si ngeni tena Nairobi. Brew Bistro ya Ngong Road, mojawapo ya baa za mwanzo jijini kujipikia bia, ilizipa bia zake majina yanayotokana na wanyama watano wakubwa wa mbugani. Sierra nayo ikajijengea wateja wake. Na 254 Brewing Company pamoja na Bateleur wamekuwa wakipeleka bia zao hata katika baa za watu wengine. Wote hawa wanauza katika soko ambalo kwa miongo mingi limezoea ladha moja, ile ya laga nyepesi na baridi kutoka Kenya Breweries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1922. Mnywaji aliyekulia katika ladha hiyo hawezi kulaumiwa akisita kulipa karibu maradufu kwa glasi ya kinywaji cheusi asichokijua. Ndiyo maana glasi ndogo ina maana: inampa nafasi ya kukataa bila hasara kubwa.

Mpangilio ndio jambo la kwanza ninaloliangalia, na ndipo baa nyingi zinapojikwaa. Bia hupaswa kupanda kutoka nyepesi kwenda nzito na kutoka isiyo chungu kwenda chungu, kwa hiyo pilsna au laga hutangulia, ifuate bia ya ngano, kisha eli ya rangi ya kahawia, kisha IPA, ambayo ni eli yenye uchungu mwingi, na stauti, ile nyeusi, ikae karibu na mwisho. Sababu yake si adabu ya mezani. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia ili kuipa uchungu, hupimwa kwa kipimo kinachoitwa IBU, na wakati laga nyepesi huwa kati ya 10 na 20, IPA nyingi hufika kati ya 40 na 70. Ukinywa IPA kwanza, pilsna nzuri inayofuata itaonekana kama maji yaliyopitia karibu na shayiri. Katika baa moja ya Westlands tulipewa ubao wenye glasi zote sita kwa mpigo na kuachwa tuchague tutakavyo. Ubao huo hupendeza kwenye picha, lakini wengi mezani walianza na glasi nyeusi kwa sababu ilikuwa inavutia macho, na kufikia ya nne walikuwa wamechoka.

Jambo la pili ni ubaridi, na hapa Wakenya wana ujuzi ambao waandaaji hawautumii. Mhudumu wa baa yoyote ya mtaani, kabla hajafungua chupa, huuliza swali linalowashangaza wageni: baridi au ya moto? Ya moto maana yake ni bia iliyokaa kwenye kreti bila kuingia friji, na wapo wazee wasiokubali nyingine, kwa hoja kwamba bia ya baridi haina ladha. Kuhusu laga nyepesi hoja hiyo inaweza kubishaniwa. Kuhusu eli na stauti, wazee hao wana haki. Baridi kali huzuia harufu kupanda kutoka kwenye glasi, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha kwa kweli ni harufu. Laga hufaa ikiwa na nyuzi 4 hadi 7 za selsiasi, lakini eli hutaka nyuzi 8 hadi 12, na stauti hata zaidi kidogo. Baa karibu zote nilizoziona hutoa vinywaji vyote kutoka friji moja au bomba lililopozwa kwa kiwango kimoja, na hivyo stauti iliyopikwa kwa kimea kilichokaangwa mpaka kikatoa harufu ya kahawa hufika mezani ikiwa bubu. Dawa yake ni rahisi: shika glasi kwa viganja viwili kwa dakika chache, zungusha kinywaji taratibu, kisha unuse tena. Mwandaaji anayewaambia wateja wake jambo hili moja amekwisha kurudisha sehemu ya fedha zao.

Maelezo hutofautiana sana kulingana na anayeyatoa. Anapokuja mpika bia mwenyewe, jioni huwa na thamani. Anapokuja mtu wa mauzo, mara nyingi tunasomewa maandishi ya kwenye lebo. Katika jioni bora niliyowahi kuhudhuria, mpika bia alieleza kwa nini mapishi yaliyoandikwa Ulaya hayawezi kufuatwa Nairobi neno kwa neno. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Uchungu wa hopsi hutolewa kwa kuchemshwa ndani ya maji ya kimea, na kadiri moto wa mchemko unavyopungua ndivyo uchungu unavyotoka polepole, hivyo mpikaji hulazimika kuongeza hopsi au kuongeza muda. Tena kanieneo ya hewa ikiwa ndogo, gesi hutoka kwa haraka zaidi, ndiyo maana povu la bia ya bomba hapa hupanda kwa fujo na mhudumu asiye na uzoefu hukujazia nusu glasi ya povu.

Maelezo mengine yaliyonifaa ni kuhusu gharama. Hopsi ni mmea unaotaka siku ndefu za kiangazi, na karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana mwaka mzima, hausitawi vizuri. Kwa hiyo wapikaji wengi huzinunua kutoka Ujerumani, Marekani na kwingineko, zikiwa zimekaushwa na kushindiliwa kuwa vidonge. Shayiri tunayo, na Narok na Timau zinajulikana kwa zao hilo. Lakini mimea miwili haitoshi bila ya hamira, na hamira ndiyo inayotenganisha laga na eli: ya laga hufanya kazi kwenye ubaridi wa nyuzi 7 hadi 13 kwa wiki nyingi, ilhali ya eli hupenda joto la kawaida la chumba na humaliza mapema. Kiwanda kidogo ambacho kila siku ya tangi ni fedha kina sababu ya kupika eli, na mteja anayelijua hilo haulizi tena kwa nini orodha imejaa eli.

Jambo ambalo sijalisikia likitajwa katika jioni yoyote, ingawa ndilo lingemfaa mteja zaidi, ni kasoro. Bia yenye harufu ya katoni lililolowa imeingiwa na hewa au imezeeka. Yenye harufu ya siagi huenda haikumaliza kuiva, au imepita kwenye mirija michafu ya bomba. Iliyoachwa kwenye mwanga ndani ya chupa ya kijani au isiyo na rangi hutoa uvundo wa kicheche. Mirija ya bomba hupaswa kusafishwa kila baada ya wiki mbili hivi, na ladha ya siki katika bia isiyokusudiwa kuwa chachu ni dalili kwamba huenda haikusafishwa. Mara moja nilipewa eli ya aina hiyo, na nilipouliza nikajibiwa kwamba ndivyo bia za kraft zilivyo. Jibu hilo ni baya kuliko bia yenyewe, kwa sababu mteja mgeni ataliamini na hatarudi.

Saida ni habari nyingine. Kwa mnywaji wa Afrika Mashariki saida ni chupa ya Savanna au Hunter's kutoka Afrika Kusini, au siku hizi Tusker Cider, yaani kinywaji baridi, cha kung'aa, chenye sukari ya kutosha au kipande cha limau shingoni. Hakuna ubaya hapo. Tatizo ni kwamba jioni inayojiita ya kuonja bia na saida inamuahidi mtu zaidi ya anachoweza kununua kwenye duka la jumla, na mara nyingi haitimizi. Nimepewa saida tatu mfululizo ambazo tofauti yake ilikuwa ni ya matunda yaliyoongezwa tu, zote tamu, zote zikifika baada ya IPA, wakati ulimi umeshalemewa.

Kwa haki lazima nieleze kwamba waandaaji hawana mali ghafi ya kutosha. Saida za Somerset na Herefordshire nchini Uingereza hutokana na tufaha maalumu kama Kingston Black na Dabinett, ambayo ukiyauma mabichi utayatema kwa ukakasi wake; ukakasi huo ni tanini, na tanini ndiyo inayokipa kinywaji uti wa mgongo. Tufaha tunazouziwa Nairobi, nyingi zikitoka Afrika Kusini, ni za kula, na juisi yake ikichachishwa hadi sukari iishe huacha kinywaji chepesi chenye asidi na kidogo kingine. Mti wa tufaha vilevile hutaka majira ya baridi ili ulale na kuchanua vizuri, kwa hiyo hapa hupandwa aina chache zinazostahimili joto, kama Anna. Ndiyo sababu njia waliyoichukua Kenyan Originals, watengenezaji wa saida wa hapa, ya kuchanganya ladha za matunda ya kwetu, naiona kuwa ya busara kuliko kuiga Somerset. Lakini mwandaaji aliye makini angeweza kutupa glasi ya saida kavu iliyoagizwa nje kando ya ile tamu ya hapa, na kuziweka zote mbili mwanzoni kabisa, kabla ya hopsi. Hilo halihitaji shamba la tufaha. Linahitaji chupa moja kwa kila meza.

Kuna pengo jingine linaloniudhi zaidi, na huenda ni la ladha yangu binafsi. Katika jioni moja tulielezwa kwa kirefu jinsi Wabelgiji wa bonde la mto Senne, karibu na Brussels, wanavyoacha bia yao ichachishwe na hamira za hewani, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwendo wa saa chache kutoka pale tulipoketi watu hutengeneza muratina kwa asali na tunda la mwegea lililokaushwa, ambalo hubeba hamira kutoka pipa moja hadi jingine. Wala haikutajwa mbege ya Wachaga, ambayo hupata uchungu wake kutoka kwenye gome la msesewe, kazi ile ile inayofanywa na hopsi. Sisemi vinywaji hivyo vimiminwe Westlands, maana leseni ni suala la pekee. Kuvitaja tu kungewafanya wasikilizaji waelewe mara moja kile ambacho maelezo ya Ubelgiji yalichukua robo saa kukieleza.

Chakula kwa kawaida hakimo kwenye bei, na sahani zinazouzwa pembeni huchaguliwa bila kufikiriwa. Mishkaki yenye pilipili kali pamoja na IPA ni mateso, kwa sababu uchungu na kileo huzidisha mwasho. Bia ya ngano ingeituliza. Nyama choma ya mbuzi, hasa sehemu zilizoungua kidogo, hukubaliana na stauti vizuri sana, na saida kavu huenda sawa na samaki wa kukaanga. Omba maji kabla ya glasi ya kwanza, kwani baa nyingi hazileti mpaka ziombwe.

Anayetaka kwenda achague Jumamosi mchana. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inaziruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana wikendi, na kikao cha saa 8 huwa hakina muziki wa kuwalazimisha watu kupaza sauti. Apige simu kwanza kuuliza kama mpika bia atakuwepo. Akiambiwa hatakuwepo, fedha za tiketi zitamfaa zaidi akinunua glasi mbili anazozitaka mwenyewe. Gari abaki nalo nyumbani, kwa sababu glasi sita ndogo zenye IPA na stauti ndani yake zinatosha kumtia matatani kwenye kizuizi cha alkobulo, kile kifaa cha polisi cha kupima kileo kwenye pumzi. Na akishawishika kununua chupa za kubeba mwishoni, asome tarehe ya kujazwa kabla ya kulipa, kwa kuwa harufu ya hopsi ndiyo inayotangulia kupotea, na IPA iliyokaa miezi mingi rafuni haitafanana na ile aliyoionja bombani.